Maktaba ya chuo kwa mwaka wa kwanza: nyota 4, ya tano imeliwa na soketi

Naomba niseme ukweli tu, siku ya kwanza naingia maktaba ya chuo chetu sikufata kitabu. Nilifata umeme. Simu imebaki asilimia 4, kwenye simu ndo kuna ratiba, ndo kuna ramani ya chuo, ndo kuna meseji ya mtu anayeniambia chumba cha semina kimehamishwa, na kila ukuta niliopita hauna soketi. Nikaona jengo kubwa lina vioo nikasema humu hawawezi kukosa. Zilikuwepo kweli, ila kila moja ina mtu wake kakaa nayo kama karithishwa na babu. Ndo nikaishia dawati la mbele kuomba msaada.

Jina la chuo silitaji kwasababu kuna mambo nitayalalamikia huko chini na bado nasoma hapohapo. Ila nimeuliza marafiki walioko vyuo vingine, hizi huduma karibu zote hata kwao zipo, tofauti ndogondogo tu, kwahiyo soma huku unafikiria maktaba ya kwako.

Pale dawatini nilimkuta mama mmoja wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Nikamwamkia, akaitikia, nikamwambia mama naomba kuchaji hata dakika kumi. Akaipokea simu akaichomeka nyuma ya kompyuta yake alafu akaniuliza, "mwanangu, we mwaka wa kwanza eeh?" Nikashangaa kajuaje. Akasema, "kitambulisho umekivaa shingoni." Kuangalia pembeni kweli, wenyeji wote vya kwao viko mfukoni.

Swali lililofata akaniuliza yeye, waifai umeshaunganisha? Siku ya nne hiyo nakula bando langu mwenyewe. Nilikuwa nimejaribu mara kama ishirini, naweka jina la mtumiaji kama lilivyoandikwa kwenye karatasi ya usajili, naweka pasiwedi, inazunguka weee inagoma, nikajua akaunti yangu mbovu. Akaniambia andika jina lote, hadi alama ya @ na kinachofuata. Ikashika hapohapo. Mtandao wenyewe ni eduroam, ulianzia Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 2000 na sasa hivi uko nchi zaidi ya 100, na kile kipande cha baada ya @ ndo kinachouambia mtandao we ni mtoto wa chuo gani, yani ombi lako linapelekwa chuoni kwenu likahakikiwe huko, hata kama mwenyewe umesimama chuo cha watu. Sikuamini sana hiyo habari hadi nilivyoenda kumtembelea binamu yangu kwenye chuo chake, simu ikaunganika yenyewe nikiwa getini hata sijampigia. Kitu kimoja tu uwe makini, usiunganishe kwa kubonyeza kubali kubali bila kusoma, kuna apu inaitwa geteduroam inapanga kila kitu vizuri na kuhakikisha pasiwedi yako haiangukii kwa mtandao feki wenye jina hilohilo. Vyuo vingi pasiwedi hiyohiyo ndo inafungua emaili na matokeo yako, sio kitu cha kuchezea.

Sasa kutafuta kitabu. Hili nalo linaaibisha kuuliza ila nahisi kila mtu limemkuta. Nimeangalia kwenye katalogi, kitabu kipo, namba 658.15, mambo ya usimamizi wa fedha. Nikapanda hadi shelfu za 658, nikaanza kufatisha kwa kidole, 658.1, 658.3, 658.4, 658.8, nikajisemea kumi na tano lazima itakuwa mbele huko baada ya tisa. Nikafika mwisho wa shelfu inaanza 659, hamna. Nikarudi. Nikaenda tena. Dakika ishirini nazunguka kama niliyedondosha ufunguo na katalogi inaendelea kusema kipo. Kumbe ile nukta ni ya desimali jamani! 658.15 inakaa katikati ya 658.1 na 658.2, mbali kabisa na 658.8. Kaka mmoja anayerudisha vitabu kwenye shelfu ndo alinionyesha, hakucheka, akasema tu soma tarakimu moja moja baada ya nukta. Huo mpangilio ni wa Dewey, upo tangu 1876, umegawa elimu yote kuanzia 000 hadi 999, na ukishakariri namba za kozi yako hata katalogi unaiacha, unaenda kusimama palepale unaangalia majirani. Majirani ndo utamu wenyewe. Kitabu kilichobeba asaimenti yangu yenye maksi nzuri kuliko zote sikukitafuta, kilikuwa kimeegemea nilichokitafuta. Kama chuo chenu shelfu zinaanza na herufi, mfano HF au QA, huo ni mpangilio wa Library of Congress, pale namba inayofata herufi unaisoma nzimanzima kama namba ya kawaida, desimali zinakuja baadae. Usichanganye kama mimi.

Alafu kuna lile swali la je ninunue vitabu vyote? Wiki ya kwanza kila lekchara anatoa orodha yake, ukizijumlisha unaona bora ungefungua duka. Mimi nilikuwa nimeshapata wa kuniuzia viwili, hela ipo mkononi. Yule mama akaniambia subiri wiki mbili mwanangu, uone lekchara anakitumia kweli au kakiandika tu kwasababu kimekuwepo kwenye orodha miaka yote. Viwili vile kimoja hakijatajwa darasani hadi leo. Cha pili kilikuwepo maktaba nakala tatu kwenye zile za kuazima kwa masaa, yani unakitumia humohumo ndani au unatoka nacho kidogo unarudisha. Na kuhusu matoleo, kama orodha inataka toleo la 9 na maktaba ina la 8, muulize lekchara kabla hujapaniki. Wa kwetu alijibu sentensi moja, kwamba sura zimebaki zilezile, kilichohama ni maswali ya mwisho na namba za kurasa.

Hapo kwenye kuazima kwa masaa ndo nina kinyongo changu. Nilichukua kitabu saa tisa alasiri, cha masaa mawili, nikaenda nacho chumbani nikasema nalala nusu saa tu. We acha. Nimeamka giza, maktaba imeshafungwa, nikasema si nitakirudisha asubuhi. Kumbe faini ya vile haihesabiwi kwa siku kama vitabu vya kawaida, inahesabiwa kwa saa, na masaa ya usiku wakiwa wamefunga yamo. Hiyo ya masaa ya usiku mpaka leo sijaielewa, nirudishe kwa nani usiku huo, mlinzi? Na mbaya zaidi akaunti ikafungwa, sikuweza kuazima kingine chochote hadi nilipe, na malipo hayapokelewi palepale dawatini, unapewa karatasi unaenda ofisi ya uhasibu jengo lingine, kule foleni, ukirudi na risiti unaambiwa mfumo utasoma kesho. Nilikosa vitabu siku tatu kwa ajili ya usingizi wa jioni moja. Wenzangu wa mwaka wa pili wakanicheka wakaniambia kwanini hukuangalia kama kuna sanduku la kurudishia vitabu kwa nje. Lipo. Liko nyuma ya jengo karibu na pa kuegesha baiskeli, halina taa wala kibao. Basi hilo sanduku ni kitu cha kwanza cha kulitafuta ukifika chuoni kwenu.

Nikija kwenye kitu ambacho peke yake kingenifanya niwape nyota tano, ni makala za mitandaoni. Lekchara katupa makala ya kusoma, nikaigoogle nikiwa chumbani, ikafunguka ukurasa mmoja wa muhtasari na chini yake kibox kinadai nilipie kwa kadi ndo nione iliyobaki. Na bei yake sio ya mwanafunzi. Tulikuwa wanne kwenye grupu tukaanza kujadili kuchanga, naapa, mmoja keshaanza kuulizia kadi ya dada yake. Nikasema ngoja kwanza nikamuulize mama wa dawatini. Alishtuka kama nimemwambia nataka kununua maji ya mvua. Akasema hiyo chuo kimeshalipa! Chuo kinalipia majarida kwa mwaka, we mwanafunzi kazi yako ni kuingilia mlango sahihi tu. Ukiwa ndani ya chuo kwenye mtandao wa chuo mara nyingi inafunguka yenyewe, ukiwa nje unaanzia kwenye tovuti ya maktaba, unaweka akaunti yako ya chuo, alafu ndo unaenda kwenye makala. Makala ileile, ukurasa uleule, kile kibox cha kudai hela hakipo, kuna kitufe cha kudownload.

Akanionyesha na njia ya mkato ambayo nimeshawafundisha watu wasiopungua kumi. Kwenye Google Scholar, ile Google ya kutafutia makala za kitaaluma, unaingia sehemu ya mipangilio, kuna mahali pa linki za maktaba, unatafuta jina la chuo chako unaliwekea tiki. Kuanzia hapo ukitafuta kitu, pembeni ya matokeo ambayo chuo kinayo inatokea linki ya kukupeleka moja kwa moja. Kama chuo chako hakimo kwenye orodha au makala yenyewe hawajailipia, kuna Unpaywall, unaiweka kwenye brauza, inakutafutia kama mwandishi aliiweka sehemu nyingine bure na kihalali, ikipata inakuonyesha kikufuli cha kijani kimefunguka. Ikishindikana kabisa maktaba inaweza kukuombea kutoka maktaba nyingine, ila hiyo omba mapema, usiende usiku wa kuamkia kukusanya asaimenti unategemea muujiza. Yangu moja ilichukua siku nane ikaja nimeshakusanya.

Marejeo sasa, au rejea, au sijui kwenu mnaitaje, ile orodha ya mwisho inayokula maksi. Asaimenti ya kwanza nilizichapa kwa mkono, vyanzo 17, nukta huku mkato kule, mwaka kwenye mabano, jina la jarida kwa italiki, nimemaliza saa nane usiku nikapoteza maksi 4 kwa sababu tu ya mpangilio. Maktaba huwa wanafanya kipindi cha saa moja cha kufundisha Zotero, tangazo liko mlangoni limebandikwa, na siku niliyoenda tulikuwa watu 5 kwenye chumba cha viti 40. Chuo cha maelfu ya wanafunzi, watu 5! Zotero ni programu ya bure, ilitoka 2006 chuo kikuu cha George Mason kule Marekani, unaiweka kwenye laptopu pamoja na kiungo chake kwenye brauza, ukifungua makala unabonyeza kitufe kimoja inajihifadhi na jina la mwandishi, mwaka, jarida na kila kitu. Ukiwa unaandika kwenye Word au LibreOffice unaingiza rejea kwa kubonyeza, na orodha ya mwisho inajiandika. Lekchara akisema nabadilisha nataka APA sio Harvard, unachagua mtindo mwingine na zote zinajigeuza ndani ya sekunde. Hifadhi ya bure mtandaoni ni MB 300, inajaa haraka ukiweka PDF nyingi, ila hiyo ni ya mafaili tu, taarifa za rejea zenyewe hazihesabiwi humo. Na usiiamini kipofu, inachukua ilichokikuta, kama tovuti imeandika jina la mwandishi kwa herufi kubwa tupu na kwako litakaa hivohivo likipiga kelele. Pitia kabla ya kukusanya.

Kuna siku nikaenda pale nimepauka. Nimekusanya rasimu kwenye Turnitin, ule mfumo unaolinganisha kazi yako na maandishi ya wengine, imerudi asilimia 31, na kwenye grupu letu la darasa kuna mtu kasambaza kwamba ukizidi 20 unafukuzwa chuo. Nikajua safari imeishia muhula wa kwanza. Mama akavaa miwani yake akafungua ripoti, akaanza kunionyesha rangi moja baada ya nyingine, hii nyekundu ndefu ni orodha yako ya rejea, kila aliyetumia vyanzo hivyo ana mistari hiyohiyo. Hii ya bluu ni swali la asaimenti ulilolikopi juu, darasa zima mmelikopi. Hizi ni nukuu umeziwekea alama vizuri. Alafu akafika kwenye aya moja akanyamaza, akaniangalia juu ya miwani. "Hii je?" Hiyo bwana nilikuwa nimeichukua kwenye makala nikabadilisha maneno matatu. Chanzo nilikitaja mwishoni ila sentensi zilikuwa zake yeye mwandishi, sio zangu. Akaniambia ile asilimia inaonyesha kufanana tu, mashine haijui wizi ni nini, mtu ndo anasoma na kuamua, na atakayesoma atasimama hapa. Kwahiyo mtu mwenye 31 anaweza akawa msafi na mwenye 8 akawa na kesi, inategemea hiyo 8 iko wapi. Nikairudia aya nzima kwa maneno yangu, nimefunga makala kabisa nisiione. Ikashuka hadi 24 na sikulala vibaya tena. Sheria ya kwenu ikoje sijui, waulize wenyewe wanaosahihisha, usiulize grupu la darasa.

Printa nisiseme sana kwasababu kosa lilikuwa langu. Nilituma slaidi za lekchara bila kuangalia mipangilio, zikatoka kurasa 40, kila ukurasa una maneno kama kumi na picha ya watu wanashikana mikono. Salio lote la mwezi kwisha. Chagua slaidi 6 kwa ukurasa na pande zote mbili, au usiprinti kabisa.

Vyumba vya kusomea kwa grupu vipo, mnabuku mtandaoni, kwenye karatasi ni huduma nzuri. Kiuhalisia wajanja wanabuku wiki nzima alafu hawaji, mnapita mnaona chumba kitupu na mlangoni pameandikwa kimechukuliwa. Tukaja kugundua sheria inasema mwenye nafasi asipofika dakika 15 anaipoteza, ila hakuna anayekuja kuisimamia hadi mkaseme wenyewe dawatini. Sisi sasa tunasema. Ghorofa ya kwanza inaitwa ya kimya lakini kimya hakipo, kuna watu wanaongea na simu kwa ile sauti ya kunong'ona inayosikika hadi ngazi. Ghorofa ya juu kabisa ndo kimya chenyewe, sema ukikohoa wote wanageuka. Muda wa kufunga nao unabadilika kipindi cha mitihani, kwetu wanasogeza hadi usiku wa manane, ila tangazo wanalibandika kwa ndani ya mlango! Yani mtu anayepita nje akaona geti la pembeni limefungwa anaondoka zake, na ndani kuna viti vya kumwaga.

Na soketi. Nimezihesabu siku niliyokuwa nakwepa kusoma, ghorofa ya pili ina meza 36 na soketi 14, kati ya hizo 5 hazina umeme na moja inatoa cheche ukichomeka kwa nguvu. Nenda na laptopu imejaa chaji na ubebe ekstensheni fupi, ukichomeka ekstensheni unageuka rafiki wa watu watatu kwa mpigo. Nimepata patna wa kusoma kwa njia hiyo, sio utani.

Nyota 4. Ingekuwa ni dawati la mbele peke yake ningetoa 5 na nikaongeza nyingine ya mfukoni, yule mama hajawahi kunijibu kama swali langu la kijinga, hata lile la desimali nilivyomsimulia alisema tu kila mwaka wanapotea hapohapo. Wa zamu ya jioni sio hivyo, ana majibu mafupi na macho yako kwenye simu yake, kwahiyo kama una swali la maana nenda asubuhi.

Apdeti baada ya wiki tatu: wamekuja mafundi ghorofa ya pili. Soketi mbili zimepona, ile ya cheche wameizibia kwa gundi ya karatasi. Nyota zinabaki 4.